Rangi ya Baba

Katika albamu yetu kuna picha moja tu ya rangi inayoonyesha uso wa baba yangu. Ilipigwa Tanga mwaka 1993, usiku wa harusi yake, sebuleni kwa bibi. Aliyepiga ni mjomba, kwa kamera ambayo betri za fleshi yake zilikuwa zimekwisha tangu alasiri. Baba ameketi kwenye kiti cha mbao, amevaa kanzu, koti jeusi na kofia ya viua. Nyuma yake ni ukuta wa chokaa. Globu iliyoning'inia kwenye waya haionekani, lakini kila kitu kinaitaja, maana picha nzima ina rangi ya chai ya rangi. Baba alifariki mwaka 2002, mimi nikiwa na miaka minne. Sina kumbukumbu ya uso wake ambayo haikutoka katika picha hii.

Nyumbani kwetu kuna ubishi wa siku nyingi. Kaka yangu, ambaye alikuwa na miaka minane baba alipofariki, anasema baba alikuwa maji ya kunde. Shangazi, dada yake baba, anasema kaka yake alikuwa mweusi, tena mweusi ti, kama babu. Mama akiulizwa hucheka na kusema, "Alikuwa baba yenu." Kwa mtu wa nje huu ni mchezo. Kwangu haujawahi kuwa mchezo kamili. Kaka ni maji ya kunde kama mama. Mimi ndiye mweusi kuliko wote ndani ya nyumba, na tangu utotoni nimesikia wageni wakiuliza, mbele yangu, mtoto huyu weusi ameutoa wapi. Jibu la shangazi lilinipa mtu wa kufanana naye. Jibu la kaka lilimwondoa.

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia, niliiskani picha ile na kuifungua katika programu ya kuhariri. Programu hizi huwa na vitelezi viwili pembeni. Kimoja huivuta picha kati ya buluu na njano, cha pili kati ya kijani na zambarau. Pamoja huitwa mizania ya weupe, au waiti balansi kama wanavyosema wapiga picha wa mjini. Nilivuta kile cha kwanza kuelekea buluu: moshi wa chai ukatoka, na baba akawa mweusi kama shangazi anavyoapa. Nikakirudisha kuelekea njano: baba akawa maji ya kunde, kaka akawa mkweli. Kitelezi cha mwanga sikukigusa kabisa. Ndani ya sekunde chache nilikuwa nimeshinda ubishi kwa niaba ya pande zote mbili, na nikaogopa kidogo.

Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimedhani kazi ya kifaa kile ni kurudisha rangi ya kweli, kama vile kufuta vumbi. Sivyo. Kifaa kinauliza swali moja: mwanga ulikuwaje pale ulipopiga picha? Ukishajibu, kinapiga hesabu na kuuondoa mwanga huo. Ukidanganya, kitauondoa uongo wako kwa uaminifu uleule. Swali la mwanga ulikuwaje mahali fulani usiku fulani wa mwaka 1993 si la programu. Ni la historia, na mimi ndiye niliyedai kuisomea.

Jicho lenyewe halihitaji kitelezi, na jambo hilo lilishangaza watu zamani. Mwaka 1789, katika Chuo cha Sayansi cha Paris, mwanahisabati Gaspard Monge aliwaambia wenzake watazame karatasi nyekundu kupitia kioo chekundu. Mtu angetegemea wekundu juu ya wekundu. Badala yake karatasi ikaonekana imepauka, karibu nyeupe. Monge akaeleza kwamba hatuhukumu rangi ya kitu kwa mwanga unaotoka kwake peke yake, bali kwa kuulinganisha na vyote vinavyokizunguka. Chumba kizima kikiwa chekundu, akili inachagua kitu kimoja na kukiita cheupe, kisha inapima vingine kwa hicho. (Monge huyuhuyu baadaye alikwenda Misri na Napoleon na kuandika juu ya mazigazi ya jangwani. Yaelekea alipenda mambo yanayoonekana sivyo.) Mwaka 1902 Mjerumani Johannes von Kries aliliweka wazo kama hilo katika sura ya hesabu: vipokezi vya jicho hupunguza au kuongeza nguvu zake kila kimoja kivyake, kufuatana na mwanga uliopo. Vitelezi vya leo ni watoto wa hesabu hiyo. Ndiyo maana bibi, shangazi na wageni wote waliokuwa sebuleni usiku ule hawakuona chai yoyote. Waliona kanzu nyeupe.

Filamu haina akili ya kuchagua. Inapokea kilichokuja. Viwanda vililazimika kuiamulia mapema ni mwanga upi utakaohesabiwa kuwa mweupe, na kwa hilo walihitaji namba. Walizikuta kwenye joto. Mhunzi yeyote anajua kuwa chuma kikitiwa moto huanza kuwa chekundu, kikaja rangi ya chungwa, kikaja njano, halafu kikaelekea weupe. Mwaka 1900 Max Planck alipata kanuni inayofunga joto la kitu na rangi ya mwanga wake, na vipimo vya joto hilo vikabeba jina la Lord Kelvin, ambaye tangu 1848, akiwa bado William Thomson, alikuwa amependekeza kuhesabu joto kuanzia sifuri halisi. Mshumaa ni kama kelvini 1,900. Globu ya nyumbani ya nyuzi ni kama 2,800. Filamu ya taa za studio ilitengenezwa kwa 3,200, na ile ya mchana, ambayo ndiyo karibu kila familia ilinunua, kwa 5,500. Aliyetaka kutumia filamu ya mchana chini ya taa alifunga kioo cha buluu mbele ya lenzi. Mjomba hakuwa na kioo. Alikuwa na kamera isiyo na betri na harusi inayoendelea.

Hapa kuna jambo lililonisumbua siku mbili nzima. Ukiongeza namba ya kelvini katika programu, picha inakuwa ya njano zaidi, ilhali mwanga wa namba kubwa ni wa buluu. Nilidhani mtengenezaji amekosea. Hajakosea. Namba ile ni ushahidi wako juu ya mwanga uliokuwapo: ukisema ulikuwa wa buluu sana, programu inaongeza njano ili kuufidia. Kwa picha zinazotoka kwenye kamera za dijitali zikiwa ghafi, namba hizo zina maana halisi. Mnamo 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya kufunika kihisi cha kamera kwa miraba midogo, nusu yake kijani, robo nyekundu, robo buluu, na hadi leo kamera nyingi zinaifuata. Kabla ya kusawazishwa, picha ghafi huwa ya kijani kama dimbwi. Mizania ya weupe ndiyo inayozidisha nyekundu na buluu hadi zilingane na kijani. Tangu 2003, Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha Photoshop, alipotoa programu ya kufungua mafaili ghafi ndani yake, mtu anaweza kuamua mizania baada ya kupiga, na kubadili uamuzi mara mia bila kuharibu kitu.

Lakini picha ya baba haikuwa ghafi. Nilipoiskani, programu haikunionyesha kelvini hata moja. Ilinionyesha kipimo cha kutoka hasi 100 hadi chanya 100, bila jina. Nililipenda hilo. Kifaa kilikuwa kinakiri kwamba mwanga wa harusi ile hakikuuona, na kwamba mtu mwingine alishapita hapo kabla yake.

Mtu huyo alikuwa mwenye studio mjini, aliyesafisha picha. Kiswahili kina neno hilo, kusafisha, kana kwamba picha hutoka kwenye kamera ikiwa chafu, na kwa upande wa rangi neno halikukosea. Negativu ya rangi haina rangi inayofaa kutazamwa. Ni ya rangi ya chungwa na imegeuzwa kinyume, na kila picha iliyochapwa kutoka kwake ni uamuzi: nyekundu kiasi gani, buluu kiasi gani. Mashine zilisaidia kuamua kwa kutumia wazo la Ralph Evans, mtaalamu wa rangi wa Kodak, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1951. Evans alisema kwamba ukichanganya rangi zote za picha ya kawaida, anga, majani, nguo, nyuso, wastani wake ni kijivu. Basi mashine ipime negativu nzima, na kama wastani umeegemea upande mmoja, iusukume urudi kwenye kijivu. Wazo rahisi, na linafanya kazi mara nyingi kiasi cha kushangaza. Kitufe cha marekebisho ya moja kwa moja mnachobonyeza kwenye simu kina damu ya Evans, ingawa kimejifunza mengi tangu hapo.

Linashindwa pale ambapo ulimwengu si wa kijivu. Mtoto amelala kwenye zulia jekundu: mashine inaona wekundu mwingi, inamwaga kijani juu ya mtoto. Katika lugha ya maabara za picha kosa hili lilipewa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita kushindwa kwa mpigwa picha. Yaani mashine haikushindwa. Aliyeshindwa ni mtoto, kwa kuwa juu ya zulia. Kwa hiyo mashine nyingi ziliwekwa zisirekebishe hadi mwisho, na mtu akaachiwa vitufe vya kumalizia kwa jicho.

Jicho la mtu huyo lilifundishwa kwa kadi. Tangu miaka ya 1950 Kodak iligawa kwa maabara negativu na picha za mfano zenye mwanamke mweupe mwenye nguo za rangi kali; wa kwanza alikuwa mfanyakazi aliyeitwa Shirley, na wote waliomfuata wakarithi jina lake. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliiandika historia hii mwaka 2009, na kati ya aliyoyaonyesha ni kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia iliyokolea yalitoka kwa watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao zote zilionekana sawa kwenye matangazo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jean-Luc Godard, aliyealikwa Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi vibaya. Nilikuwa nimepata mkosaji. Niliandika kurasa sita za rasimu ambamo Shirley ndiye aliyeniibia rangi ya baba. Msimamizi wangu alizirudisha na swali moja kwa penseli: "Na globu?" Alikuwa na haki. Shirley ana makosa yake, ya kweli na makubwa, lakini siku hizi anabebeshwa kila picha ya Mwafrika iliyotoka vibaya, na mwanahistoria anayekubali mkosaji aliyekuja mwenyewe mlangoni ni mvivu. Usiku ule filamu ya mchana iliwekwa chini ya taa ya kelvini 2,800. Hata Shirley mwenyewe angetoka kama embe bivu.

Isitoshe kulikuwa na mshukiwa wa tatu, muda. Rangi za picha zilizochapwa hufifia, na hazifiifii kwa pamoja. Mojawapo ikitangulia, picha nzima huegemea upande wa zile zilizobaki. Kwa hiyo chai niliyokuwa naitazama ingeweza kuwa globu, au mkono wa fundi, au miaka thelathini ndani ya albamu ya plastiki, au vyote vitatu kwa vipimo tofauti. Kitelezi kinaviondoa vyote kana kwamba ni kitu kimoja.

Programu ina njia nyingine, alama ya mrija mdogo kama ule wa kudondoshea dawa. Unaubonyeza juu ya kitu unachojua kuwa cheupe au kijivu, nayo inapanga picha nzima kwa kitu hicho. Hapa niliona nimepona, maana nilikuwa na kanzu. Nikabonyeza kanzu. Chai ikapungua, lakini chumba kikabaki na njano, na baba akatoka maji ya kunde safi. Nikabonyeza ukuta wa chokaa. Chumba kikawa baridi, cha buluu, na baba akawa mweusi, midomo yake ya kijivu kama ya mgonjwa. Ndani ya picha moja vitu viwili vyeupe vilikuwa vinabishana, kimoja upande wa kaka na kimoja upande wa shangazi.

Nikampelekea mama kompyuta. Hakutazama uso. Alitazama kanzu.

"Hii niliifua mimi," alisema. "Niliitia buluu mara mbili."

Buluu ni ule unga wa kufulia. Wasomaji wa umri wangu huenda hawaujui. Mama zetu waliufunga kwenye kitambaa, wakautikisa ndani ya maji ya mwisho ya kusuuzia, na nguo iliyoanza kuwa ya njano ikatoka nyeupe pe. Haukuwa unaondoa njano. Ulikuwa unaongeza buluu juu yake hadi jicho lidanganyike, kazi ileile ya kitelezi, kwa mkono, ndani ya beseni. Nao una historia yake. Rangi ile zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa Afghanistan, na kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya kutisha, hadi mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopewa tuzo kwa kuweza kuitengeneza kiwandani. Ikawa rahisi kiasi cha kutupwa ndani ya maji ya kufulia, na kampuni ya Reckitt ya mji wa Hull, Uingereza, ikaisambaza kwenye masoko ya dunia. Kwa hiyo kanzu niliyoitegemea kuwa nyeupe ilikuwa ya buluu kidogo, kwa makusudi, kwa heshima ya bwana harusi. Programu ilipoiamini, iliona kwamba rangi ya chungwa iliyokuwapo ni ndogo kuliko ilivyokuwa kweli, ikaondoa kidogo, ikamwacha baba na njano.

"Na ukuta?" nikauliza. "Si mlipaka chokaa kwa ajili ya harusi?"

"Mbele tu, kwenye baraza. Ndani hela iliishia kwenye wali." Ukuta wa sebuleni ulikuwa na chokaa ya zamani iliyokula moshi wa koroboi kila umeme ulipokatika. Ulikuwa wa njano wenyewe. Programu ikadhani njano ile ni ya taa, ikaondoa kupita kiasi.

Sijawahi kupata maelezo mazuri ya chanzo cha kihistoria kama yale ya mama, na aliyatoa akiwa anachambua mchele.

Kilichobaki ni kurudi nyuma ya fundi, kwenye negativu. Shangazi anaishi Muheza na ndiye anayetunza makaratasi ya ukoo. Nilipofika na kumwamkia, na baada ya kuulizwa habari za masomo na ndoa, nyingi za ndoa, alitoa mkebe wa biskuti. Ndani, katikati ya vyeti vya ubatizo wa majirani na risiti za kodi ya kichwa, zilikuwamo negativu, vipande vya fremu nne nne ndani ya karatasi iliyoanza kuwa njano. Fremu ya 21 alikuwa baba kwenye kiti. Fremu ya 20, ambayo haikuwahi kuchapwa, ilikuwa ya mchana wa siku ileile.

Hilo la mwisho ndilo lililonifaa. Fremu mbili zilizo jirani kwenye kipande kimoja zimepita kwenye kamera moja, zimesafishwa kwa dawa ileile dakika ileile, na zimezeeka ndani ya mkebe uleule. Chochote ambacho miaka ilifanya kwa moja ilifanya kwa nyingine. Zikiskaniwa pamoja na kugeuzwa kwa mpangilio mmoja, tofauti ya rangi kati yake haiwezi kuwa ya fundi wala ya muda. Ni ya mwanga tu. Kati ya fremu na fremu kuna ukanda mwembamba usioguswa na mwanga wowote. Huo ndio unaoipa skana rangi ya chungwa ya filamu yenyewe, ili iitoe kabla ya kuanza. Nilikaa maktaba ya chuo na skana ya kukodi kwa saa, nikitoa rangi ya ukanda ule kutoka kwenye fremu zote nne.

Katika fremu ya 20 wanaume wanapanga viti uani. Kuna mwembe, mchanga, na sufuria kubwa la aluminiamu la kupikia pilau, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa kijivu. Wapiga picha hununua kadi maalumu ya kijivu kwa kazi hii. Mimi nilibonyeza mrija kwenye sufuria, upande uliotazama jua. Uwanja ukatulia: mchanga ukawa mchanga, majani yakawa majani. Kisha nikachukua vipimo vilevile, bila kuviongeza wala kuvipunguza, nikavipeleka kwenye fremu ya 21.

Haikugeuka nyeupe. Ilikuwa ya chungwa, ya chungwa kweli, zaidi hata ya ile picha ya albamu. Fundi alikuwa ameshajaribu kumsaidia baba na kuishia njiani. Mwanga wenyewe, uliotoka kwenye globu na kumwangukia, ulikuwa wa rangi ile. Nilikuwa nimetumia miezi kadhaa kuuondoa kama doa.

Na baba yumo pia kwenye fremu ya 20. Amebeba kiti kichwani, ametazama pembeni, na uso wake uko chini ya mwembe, mahali ambapo mwanga umechujwa na majani na kila ngozi inapata ukijani. Uso ule siwezi kuutumia. Lakini mkono wake wa kulia, ulioshika mguu wa kiti, umetoka kivulini kuanzia kiwiko, na uko juani, jua la Tanga la saa tisa, karibu kabisa na mwanga ambao filamu ile ilitengenezewa. Mkono ni mweusi. Si mweusi ti wa shangazi. Una wekundu ndani yake, kama mbao za mninga. Ila si maji ya kunde, hata kwa kunde nyekundu zilizochemshwa muda mrefu. Niliuangalia mpaka mlinzi wa maktaba akaanza kuzima taa.

Nimejiuliza kwa nini kaka aone tofauti. Baba alifanya kazi bandarini. Aliondoka kabla ya jua na kurudi baada ya magharibi. Mtoto wa miaka minane alimjua baba wa usiku, chini ya globu. Shangazi alikua naye shambani mchana. Wanasayansi wanasema jicho huzoea mwanga wa taa lakini halimalizi kuuzoea, kiasi fulani cha njano hubaki. Maelezo haya nayapenda kuliko ninavyoyaamini. Huenda kaka alitaka tu kufanana naye, kama nilivyotaka mimi.

Nilichapisha fremu zote mbili kwa vipimo vya sufuria, ya 21 ikiwa na chungwa yake yote, na kuzipeleka nyumbani. Kaka aliitazama ya mkono, akaniangalia, akasema, "Haya." Mama alivaa miwani. Nilimngoja aseme lolote kuhusu rangi.

"Kiti hiki kilikuwa cha jirani," alisema. "Hatukukirudisha."

Nikamuuliza kiko wapi siku hizi.

"Umekikalia. Tumekipaka rangi mara mbili."